Kumbukumbu ya Valdemar Americo: Shawarma Uliyoiomba Jumatano

Mwaka mzima umepita, Baba Luisa, tangu ile Ijumaa alfajiri ulipotutoka hospitalini Dar es Salaam, mbali na nyumba yako ya Shangani, Mtwara. Watu hutuambia sasa tumezoea. Hatujazoea.

Bandarini bado wanakutaja. Wakala wa forodha uliyemsalimu kila mtu kwa jina la mtoto wake, uliyeingia kazini msimu wa korosho na shati jeupe ukarudi nalo likiwa rangi ya vumbi la malori. Kazi hiyo ilikupeleka Dar kila mwezi kufuatilia nyaraka, na huko ndiko ulikompatia mkeo Aida mke mwenza, kama mwenyewe alivyopenda kusema. Mke mwenza huyo aliitwa shawarma, ile nyama ya Kiarabu inayochomwa ikizunguka, kisha ikaviringishwa ndani ya mkate.

Hakuna mtu wa ukoo huu aliyepanda basi la Dar bila maelekezo yako. Mpwa wako Kelvin alipokwenda huko kwenye usaili wa kazi ya kiwanda cha gesi cha Madimba, alikupigia simu akiwa Kariakoo na njaa yake.

"Mjomba, nimeona shawarma hapa."

"Nyama inazunguka au imelala?"

"Imelala."

"Basi ondoka hapo haraka! Nenda Upanga kwa yule Mlebanoni mzee. Mkate aupashe moto unamwona, na kitunguu saumu ukisikie mpaka masikioni. Uombe na humusi, ile dengu iliyopondwa na ufuta. Usije ukaniaibisha mwanangu kwa kuagiza chipsi."

Kelvin alichelewa usaili, akapata kazi hivyo hivyo, na wewe ukadai ni baraka za humusi.

Nyumbani nako ulijaribu kutupikia. Uligeuza jiko la mkaa, ukamtuma dada yako Marlene sokoni mara tatu, ukakatakata nyama kwa mbwembwe zote. Ulipoonja ukatikisa kichwa. "Hii ni chapati na nyama tu, jamani. Msimu ukiisha nitawapeleka mkaonje yenyewe." Miaka ishirini na miwili Aida aliambiwa msimu ukiisha. Misimu iliisha, na yeye Upanga hakuwahi kufika mpaka ulipolazwa.

Siku ya kukuzika, mtani wako Riziki alikuja makaburini amejifunga aproni, ana kisu cha mbao, anajifanya anakata nyama juu ya kaburi. "Mfukieni vizuri huyu," akapiga kelele, "asije akafufuka kwenda kuwahi foleni Upanga!" Watu walicheka machozi yakiwatoka, kama utani wa msibani unavyotakiwa. Ungekuwepo ungecheka kuliko wote. Aida hakucheka. Aliinama, akaziba masikio kwa khanga.

Jumatano, siku mbili kabla hujafariki, daktari alimwambia Aida, "Mama, kuanzia leo mpe chochote anachotamani." Tusamehe, Valdemar. Sisi tuliipokea kama habari njema. Aida alipiga simu Shangani kwa furaha, "Ameruhusiwa kula!" na Marlene akapiga vigelegele uani mpaka majirani wakachungulia. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza daktari alikuwa anatuambia nini.

Nawe ulijua unachokitamani. "Mama Luisa, si mbali na hapa. Ninunulie moja, tule wawili."

Aida akakupapasa mkono. "Ngoja Jumamosi, Baba Luisa. Wenzetu watakuwa wamefika, tutakula wote. Subira yavuta heri."

Ulimwambia sawa. Hukuomba tena.

Maneno yalifika Mtwara kabla ya jeneza. Walisema mke alimnyima mgonjwa tonge lake la mwisho. Yalisemwa kisimani, yakasemwa baada ya ibada, na Aida aliyasikia yote. Tangu hapo anakula kidogo, tena amesimama, kana kwamba kukaa chini na kushiba ni kosa.

Mwezi uliopita binti yako Luisa alimshika mkono, wakafuatana na Kelvin hadi Upanga. Mzee yule aliupasha mkate wakimwona. Aida alikaa mezani, akamega, akatafuna polepole.

"Ni tamu," akasema. "Ni tamu kweli, Luisa. Ningemnunulia."

Kelvin alikuwa amekaa mbele yake na hakuweza kumtazama usoni. Aliporudi alituita wote, akasema haya hatuwezi kuendelea nayo. Ndiyo maana tunaandika hapa, Valdemar, wewe usikie na wenye masikio wasikie.

Jumatano ile, ulipokwisha kuiomba, Aida alitupigia simu mara ya pili akiwa ameshashika mkoba. Alisema, "Anaitaka leo, nashuka kumnunulia." Sisi ndio tuliomzuia. Marlene alisema, "Wifi, msile bila sisi, ngoja tufike." Kelvin akadakia, "Mwambie mjomba nataka nimwone akila." Luisa naye akacheka, akasema baba atavumilia. Aida alitutii, kwa sababu nyumbani kwako kitu kitamu hakikuwahi kuliwa na mtu mmoja mmoja. Mwaka mzima ametukanwa, na hajawahi kututaja. Nasi tukamwacha abebe peke yake, kwa kuwa ilikuwa rahisi kwetu.

Misa yako ni Jumapili hii, kisha tutakwenda kubariki kaburi. Tutasimama nyuma ya Aida, na atakayeuliza tutamjibu sisi.

Unakumbukwa na mkeo Aida, binti yako Luisa, dada yako Marlene, mpwa wako Kelvin, mtani wako Riziki na wenzako wote wa bandarini. Maisha yetu yote hatutakusahau.

Aida hakukunyima, Valdemar. Tulikunyima sisi.