Vipandikizi vya Chungu cha Kijani

Ait Yahkem,
Bonde la Dades,
Moroko.
14 Aprili 1994

Mpendwa mdogo wangu Tuda,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani, na baridi ya huko Ubelgiji imepungua? Shemeji Moha hajambo? Na mtoto, jino limeshatoka? Sisi wazima. Mama mgongo unamsumbua, na mtoto wa jicho amezidi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote.

Mvua imenyesha ya kutosha. Mawaridi yanayozunguka shamba la shayiri yameshaweka vitumba, na baada ya wiki mbili nitakuwa naamka alfajiri kuyachuma, miiba ikinichana kama kila mwaka. Wewe utakuwa umelala.

Usikasirike. Nimeianza barua hii mara tatu na kila mara wivu unatangulia kuandika, basi acha niuseme. Nakuonea wivu, Tuda. Siku saba kwa wiki jina lako halikauki mdomoni mwa Mama.

Unajua desturi yetu: binti akiolewa huondoka na vipandikizi vya waridi la mlangoni. Wewe uliolewa katikati ya kiangazi, wakati tawi halishiki, ukaondoka mikono mitupu. Mimi sijaolewa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuuliza mikono yangu ina nini.

Januari Mama aliitisha kisu. Alikata kwa kupapasa tu: unene wa kalamu, macho manne ya kuchipulia, mshazari chini kidogo ya jicho la mwisho. Kumi na viwili. Sita akavichomeka katika mchanga wa mtoni ndani ya chungu chake cha kijani, kile cha harusi yake, ambacho mimi siruhusiwi hata kutilia unga. Sita akavitia katika debe la mafuta ya zeituni lenye kutu.

“Hssain akija na gari lake kutoka Ubelgiji, Tuda atapata vyake,” akasema. “Na wewe Yamna, usiviguse mpaka miti ya tini itoe majani.”

Hakusema vipi ni vya nani, wala sikuuliza. Naijua nyumba hii. Chungu kizuri ni cha mtoto mzuri.

Basi kila asubuhi, mkate ukiwa jikoni, nilikuwa nachomoa kimoja chunguni nione kama kimetoa mzizi, halafu nakirudisha. Nilijiambia nakuangalizia mali yako. Vilipochipua vijani vidogo nikawa navuta kwa nguvu zaidi. Ukweli nilitaka nivikute vimekauka. Debe nililimwagia maji yaliyobaki, nikalisahau.

Mwezi Machi Mama akakaa karibu na chungu, akapapasa. Vijiti vikamfuata mkononi kama vijiko vya supu.

“Yamna! Nani kachimbua hapa?”

“Si hao kuku, Mama.”

“Kuku gani hao, wanafukua halafu wanafukia?”

Nilingoja matusi, hayakuja.

“Vya Tuda viko kwenye debe, mwanangu. Debe linavumilia safari. Hiki chungu ni chako wewe, na waridi lake. Nani ananifulia miaka yote hii? Nilitaka ulipande mlangoni pa chumba chako, uolewe usiolewe.”

Nililia zizini, ng'ombe akinitazama. Vyote sita nilikuwa nimeviua kwa mkono wangu, kimoja kimoja, nikidhani ni vyako.

Vya debe vimeshika vyote, mizizi myeupe, majani tele. Nitakudanganya nikisema wivu uliisha. Uliongezeka. Hata kuwepo hukuwepo.

Hssain anaondoka Ijumaa. Debe nimelifunga gunia bichi. Ukivipokea, uvipande penye jua, maji yasituame udongoni, na usivichungulie chungulie. Lozi nilizompa Hssain ni za mtoto, asimwachie Moha.

Ukifungua utakuta vitano. Cha sita kiko mlangoni pa chumba changu. Sikuombi, nakuarifu. Jana Mama aliingiza mkono kwenye debe, akahesabu kwa vidole, akarudia tena kuhesabu. Kisha akasema, “Hao kuku tena,” akaniambia nimletee chai. Aliinywa katika kikombe cha kawaida. Chungu cha kijani ameniwekea chumbani kwangu, nitie unga.

Tangu nikipande sijakigusa.

Shangazi Rqia anakusalimu, na Mama anakuombea kila baada ya sala, kwa sauti, makusudi nisikie. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na ayape maua yako harufu ya hapa.

Ni mimi dada yako akupendaye, pamoja na kijiba changu cha roho,

Yamna