Mashine Iliyochukua Kazi ya Kaka Marwa

Dar es Salaam,
Jumapili.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Mgongo wako unaendeleaje? Na nyumba ya huko kijijini mlikohamishiwa, imeshaezekwa au mvua bado inawanyeshea? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umechoka. Nimemwomba katekista akusomee barua hii mkiwa wawili tu, kwa sababu ni habari za Kaka Marwa.

Umeniuliza mbona haandiki siku hizi. Mama, Kaka hana kazi tena.

Unajua alikuwa karani wa hesabu katika shirika letu, na ndiye aliyeniombea kazi ya kupiga chapa hapo. Mishahara ya madereva na wapakiaji wote aliiandika kwa mkono katika vitabu vikubwa. Mtu akiona amepunjwa, anakuja dirishani, Kaka anafungua kitabu, wanatazama pamoja, kosa linasahihishwa. Mwaka jana wakubwa wakaleta kompyuta. Ni mashine ya kuhesabu, kubwa kama makabati ya nguo yaliyopangwa ukutani, na imewekwa katika chumba chenye ubaridi wakati sisi tunatoka jasho. Mwandiko wa mtu haiusomi. Inalishwa kadi zenye matundu, kila tundu likisimama badala ya tarakimu. Wakatuchagua sisi wasichana wapiga chapa tujifunze kutoboa kadi hizo. Makarani wa hesabu hawakufundishwa.

Mshahara wa kwanza wa mashine ulipotoka, dereva mmoja mwenye watoto wadogo hakukuta kitu. Akaja dirishani kwa Kaka kama alivyozoea. Kaka akaenda kwa mkuu wa hesabu, akajibiwa, "Ndugu Marwa, mashine ndivyo ilivyotoa. Asubiri mwezi ujao."

"Na watoto wake nao wasubiri kula?"

Mkuu hakupendezwa. Baadaye makarani wakaanza kuitwa mmoja mmoja na kuachishwa. Kaka aliitwa mapema.

Aliendelea kuvaa shati la kazini kila asubuhi, akizunguka ofisi za watu kuomba kazi. Huko nako aliambiwa wanangoja mashine kama yetu. Ukaja msako wa watu wasio na kazi mjini. Mgambo walimsimamisha sokoni, wakataka kitambulisho cha kazi, naye alikuwa amekirudisha alipoachishwa. Wakampakia kwenye lori pamoja na wazururaji, yeye aliyenisomesha mimi, wakampeleka shamba la mkonge upande wa Morogoro.

Nilimtafuta mpaka nikampata. Mama, sikumtambua haraka. Homa imemmaliza, na viganja vimechanika kwa miiba hata kushika kikombe ni shida. Nikalia. Yeye akaniuliza kwa Kikurya ni nani sasa anafanya kazi yake.

"Kadi natoboa mimi, Kaka."

"Basi usiache," akasema. "Nyumbani wanakutegemea wewe sasa. Wakiuliza, waambie nilichoka na mji, nikaacha mwenyewe."

Msimamizi wa shamba alikubali kumwachia kwa sharti kwamba arudi kijijini kwao. Sasa yuko kwangu anatibiwa. Akipata nguvu nitampandisha treni ya Mwanza, na kutoka huko atapata basi la Tarime. Mpe ugali wa ulezi na maziwa. Usimwulize juu ya mikono. Atakwambia aliacha kazi mwenyewe. Mwitikie, Mama, na Baba naye aitikie, wala asiruhusu mtu amcheke kwenye pombe.

Nisalimie Baba, shangazi anayekuchotea maji, na mjomba wa Sirari akija kuwaona. Wifi yangu, mke wa Kaka, mwambie tu kwamba mumewe anarudi. Mengine atamweleza mwenyewe akitaka.

Niishie hapa, Mama. Kesho asubuhi natakiwa kwenye mashine.

Ni mimi binti yako,
Bhoke