Masika wa Kwanza, Kavira wa Pili

Jumanne, 15 Mei 2018
Yeoville, mtaa wa wahamiaji huku kusini mwa Afrika, saluni ya Mama Masika. Nilikwenda kutafuta mtu wa makala yangu kuhusu nchi za Ulaya na jinsi zinavyogawana maombi ya hifadhi. Nimetoka na kesi yake. Binti mkubwa, Héritière Masika, yuko Liège, ana hadhi ya ukimbizi. Mdogo, Gaëlle Kavira, miaka kumi na sita, yuko kambini Ugiriki, peke yake. Ugiriki iliomba Ubelgiji impokee. Ubelgiji ikakataa tarehe 7: majina hayafanani, undugu haujathibitishwa. Ugiriki ina wiki tatu za kuomba upya. Mwisho tarehe 28.

Jumatano, 16 Mei
Nilimwuliza kwa nini mabinti hawana jina moja la ukoo. Akaacha kusuka, akanitazama kama mjinga. Wanande, kabila lake kule Butembo, huwapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa.
“Wa kwanza Masika, wa pili Kavira. Wazungu hawahesabu?”
Pitchou, kinyozi wake, akanishauri niliandike hilo kwa herufi kubwa, wasome hata bila miwani.
Hakuna aliyewaeleza Wabelgiji! Héritière alidhani wanajua. Kwao kila mtu anajua.

Ijumaa, 18 Mei
Maneno ya mama hayatoshi – inatakiwa karatasi. Vyeti viliungua pamoja na nyumba. Nikauliza alijaza nini alipoomba hifadhi hapa, 2012. Akatoa nakala ya fomu kwenye mfuko wa rasta, chini ya nywele. Sehemu ya watoto: Masika, Kavira, tarehe za kuzaliwa, baba mmoja. Mhuri wa miaka sita iliyopita. Nani hutunga uongo mapema hivyo?
Mchana, chuoni Braamfontein. Emery, mhadhiri, Mnande mwenyewe, ameandika ukurasa mmoja kuhusu majina yao. Vyote vimetumwa kwa wakili wa Gaëlle, Athens.

Jumatatu, 28 Mei
Wakili: ombi limeingia. Saa mbili kabla ya ofisi kufungwa.

Jumatatu, 11 Juni
Ubelgiji imekubali! Vigelegele mpaka barabarani. Pitchou kamwacha mteja na nusu ya ndevu. Mama Masika aliketi, akaniomba nisome tena, polepole. Nimesoma mara tatu.

Alhamisi, 13 Septemba
Gaëlle amefika Liège. Tumewaona kwenye simu, wanabishana nani mrefu. Mama alicheka sana, kisha akaweka kitana chini.
“Kaka, hiyo sheria yako ya Ulaya ina mahali pa mama?”
Nikasema huenda. Mtoto akipewa hifadhi anaweza kumwombea mzazi, lakini kwanza apewe, na kuna masharti –
Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ameshaufungua mfuko wa rasta.