Kompyuta ya Baba Isipanguswe Vumbi

Shikamoo, Baba. Kompyuta yako isipanguswe vumbi na yeyote, hasa Bibi.

Jana mwanao Beda aliondoa Windows akaweka Linux ~~kwa ajili ya usalama~~ kwa kiherehere chake. Leo Wi-Fi ikagoma, na ripoti yako ya ushirika inatakiwa saa sita. Kadi ya Wi-Fi inataka draiva, ile programu ya kuiendesha; draiva inataka intaneti, intaneti inataka kadi! Akaunganisha simu ya Mama kwa waya, akapakua draiva. Wapi! Bibi akapitisha kanga kufuta vumbi, akabonyeza kitufe, Wi-Fi ikawaka. Kumbe ilikuwa imezimwa tu.

“Huko bweni wanakufundisha nini, mjukuu wangu?” akauliza.

Ripoti bado inatumwa, mwendo wa konokono. Kanga ikipita tena, kwisha habari.

Beda yuko shambani Chanzuru, anapalilia mahindi kwa hiari. Atarudi ~~saa kumi~~ Baba akishacheka.

Mwanao,
fundi msaidizi wa Bibi