Majibu ya Enoka

Chuo cha Uuguzi, Uingereza
12 Oktoba 1975

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu wa mama umepata nafuu na mahindi mmeshaanika. Mimi mwili mzima, moyo ndio unaumwa.

Wiki iliyopita tulifanya mtihani wa vipimo vya dawa. Jirani yangu alikuwa Watson, yule Mzambia wa Nakonde ninayezungumza naye Kinamwanga. Alikwama, jasho likamtoka. Nikasogeza karatasi yangu aone. Msimamizi akatukamata wote wawili.

Wanasema huo ni wizi, baba. Nimewaambia kwetu mtu akizidiwa na ngwe yake ya kulima, aliyemaliza humsaidia. Mkuu wa chuo akasema, "Hii si ngwe." Wanataka niandike barua ya kuomba radhi kabla ya kikao cha Desemba. Nisipoandika, watanirudisha nyumbani. Nifanyeje?

Binti yako,
Tabita

Kijiji cha Mpemba
9 Novemba 1975

Mwanangu Tabita,

Marahaba. Mama yako sasa anatembea bila fimbo, anakusalimu sana. Uone mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Simwombi tena mtu aniandikie.

Usiombe radhi. Uliiba nini? Agosti hapa tulifanya mtihani wa kisomo cha watu wazima. Enoka, tuliyesoma naye, alikaa ubavuni pangu, akaninong'oneza, "Osea, usiniache nikaaibika mbele ya wanangu." Nikamwonyesha majibu yote. Tukafaulu pamoja, kina mama wakapiga vigelegele, na mkutano wa kijiji ukamchagua kutunza ghala. Hakuna aliyedhurika. Waambie hao wazungu kwamba baba yako pia amefanya hivyo, na hajuti.

Baba yako,
Osea

Uingereza
1 Desemba 1975

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, nikalia kwa kuona herufi zako. Kikao ni tarehe kumi. Watson ameandika barua ya radhi, akanisihi niandike pia. Mimi sitaandika. Nitasema kama ulivyosema wewe.

Binti yako,
Tabita

Mpemba
14 Desemba 1975

Mwanangu Tabita,

Sijui kama hujambo, na mimi sijambo ya mdomoni tu. Naomba barua hii ikuwahi.

Mwezi uliopita mzee Asajile wa hapa kijijini alikwenda ghalani kuchukua dawa ya kuogeshea ng'ombe. Enoka akampa kopo la sumu ya wadudu wa mahindi. Jina lilikuwa limeandikwa ubavuni, kwa Kiswahili. Ndama wanne wakafa. Asajile aliwaogesha kwa mikono mitupu. Yuko hospitali wiki ya tatu sasa, na mikono yake inatetemeka hata kikombe hakishiki.

Mkutano ulipoitwa watu walimpigia Enoka kelele kwamba ni mzembe. Yeye aliinamisha kichwa, hakunitaja. Nikasimama. Nikasema, "Enoka hajui kusoma. Majibu ya mtihani wake yalikuwa yangu." Mwenyekiti akasema, "Lakini Osea, ulikuwa unamsaidia mwenzako." Nikamjibu kwamba nilimsaidia kupata cheti, kusoma sikumsaidia hata siku moja, na tulikaa jirani darasani mwaka mzima wa masomo.

Nilikushauri nikiwa na kiburi cha mtu aliyejua kuandika juzi. Andika hiyo barua ya radhi, mwanangu. Na Watson usimwache: mkae mfundishane mpaka aelewe.

Baba yako,
Osea

Uingereza
8 Januari 1976

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia leo. Kikao kilishapita.

Nilisimama mbele yao nikasema yote, mpaka habari za Enoka na vigelegele. Mzee mmoja wa kikao akaniuliza kwa upole, "Na huyo Enoka, sasa anaweza kusoma?" Nikajibu kwamba bila shaka anaweza. Watson wamembakiza arudie mwaka. Mimi naondoka tarehe ishirini na mbili.

Usijilaumu. Maneno uliandika wewe, lakini aliyechagua kuyasema ni mimi, kwa sababu yalinipendeza kuliko ya Watson. Jana nilimkuta maktaba na hesabu zilezile za vipimo. Tumekaa mpaka pakafungwa. Kumbe hakuwahi kufundishwa desimali, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Nitaomba nafasi katika chuo cha uuguzi huko nyumbani, nianze upya. Ila siku nikifika, kabla ya watu kuja kunisalimu, nipeleke kwa mzee Asajile. Sijui nitamwambia nini. Nitaomba tu nimshikie kikombe anywe.

Binti yako,
Tabita