Mafuta Ng'ambo ya Ufa

Rafiki yangu Sidi,

Nimekaa barazani kwa mama yako, Changamwe. Habari niliyokuja nayo nimeshawapa watu wote isipokuwa mwenyewe.

Kisima chako kimechimbwa. Kimetoa mafuta.

Naikumbuka siku uliyonieleza mara ya kwanza. Tulikuwa kule Uarabuni, wasichana wawili tuliokua tukinusa matangi ya mafuta ya Changamwe tangu chekechea, tumeajiriwa kwenye visima vya pwani ya huko vilivyozeeka kuliko sisi. Kila mtu alisema yamebaki makombo, tukamue yaliyopo kisha pafungwe. Nilikuwa nimepika mkate wa sinia. Ukaukata katikati, nusu moja ukaiinua juu ya kisahani.

"Tazama, Mishi. Miamba ilipasuka hapa, upande mmoja ukadidimia. Waliotutangulia walichimba wakafika kwenye ufa, wakadhani mkate umekwisha. Haujakwisha. Umeshuka tu."

Kisha ukaula ushahidi wote, hukunibakishia.

Ulimpelekea mkuu wetu hoja hiyo mwaka baada ya mwaka. Alikusikiliza kwa adabu, akakataa kwa adabu. Ulikuwa ukirudi chumbani, unavua viatu, unaniambia, "Leo amekataa kidogo kuliko mwaka jana." Wallahi nacheka hata sasa, peke yangu hapa.

Halafu yakaja maradhi. Nilipokuja kukutazama huku nyumbani, wewe hapo kitandani, umekonda, ukaniuliza kama visima vingali vinapungua. Nikasema ndiyo. "Basi sasa watanisikiliza," ukasema. Nikakukanda miguu.

Tulipokwisha kukuzika Rabai nilirudi kazini bila hamu ya kitu chochote. Kitanda chako alikuwa amepewa mtu mwingine, binti mpole, nami nilimchukia bure. Ndipo mkuu akaniita. Kabla ya kuvifunga visima, alisema, huenda wakubwa wakakubali kuchimba kisima kimoja cha mwisho, lakini anataka mtu wa kuitetea hoja yako mbele yao. Mwenye ulimi ulikuwa wewe. Nikasimama nikasema kama ulivyosema, hata mkate nikautaja. Wakakubali.

Tulichimba tukavuka ufa, na mchanga uliopanda kutoka chini haukuwa na dalili yoyote ya mafuta. Siku iliyofuata vilevile. Watu wakaacha kunitazama usoni. Nilijua wanachowaza, kwamba nimewapotezea nafasi yao ya mwisho kwa ajili ya marehemu rafiki yangu. Na mimi nilianza kuwaza hivyo hivyo.

Asubuhi moja mchanga ukapanda umekoza rangi, unanuka Changamwe. Mkuu aliushika kiganjani. "Angekuwapo Sidi," akasema.

Sasa bomba limeunganishwa na matangi ya zamani ya huko kazini, na wale waliokuwa wamefunga mizigo yao wameifungua. Mimi ndiye sina wa kurudi kumsimulia chumbani.

Jana nilimweleza mama yako. Akauliza, "Wamekiita kwa jina lake?" Nikamwambia, hapana mama, visima vina namba tu.

"Namba gani, mwanangu?"

Nikamtajia. Tangu jana namsikia akiirudia huko jikoni, polepole, kama anayejizoeza jina la mjukuu.

Kusini ya kisima hicho kuna kipande ambacho wewe mwenyewe hukuwa na hakika nacho. Ulikuwa ukikigusa kwenye ramani, unaguna, unapita. Mkuu amenikabidhi mimi. Naogopa, lakini nakuahidi nitakifuata mpaka mwisho. Yakiwa mafuta, nitakuja Rabai kukwambia. Yakiwa maji matupu nitakuja pia, nikae nawe kitambo, nikueleze tulipokosea.

Lala, rafiki yangu. Kazi iliyobaki niachie.

Mishi wako