Mstari Mmoja Kumhusu Rohan Teague

Tarrick, 4 Mei 1997

Mdogo wangu Clem,

U hali gani, na goti lako je? Mimi sijambo, ila mgongo, nao nimeuzoea kama mtu anavyozoea jirani mbaya. Mvua imekawia. Watu wamepanda ngano kwenye vumbi na sasa kila mtu anatazama juu na kukasirika.

Nakuandikia kwa sababu ya mtoto wa Yvonne Teague. Yvonne unamkumbuka, ndiye ninayepika naye kwenye jiko la klabu. Mwanawe Rohan atatimiza miaka kumi na minane Agosti. Jumamosi nilikuwa dirishani nikiuza pai, nikaona watu wameacha foleni na wamegeuka wote kuelekea uwanjani. Yule mtoto alikuwa amepanda mabegani mwa kijana wa Hoskin, ambaye ni mkubwa kama friji, na ameudaka mpira huko juu kwa mkono mmoja. Akashuka, akapiga kati ya nguzo, akarudi kwenye nafasi yake kama mtu aliyetoka kufunga geti.

Mimi si mjuzi wa mpira huu wetu wa Kiaustralia wa kudaka na kurukiana mabegani. Lakini wewe klabu ya Melbourne inakulipa kukodolea macho watoto wa watu wakicheza, basi njoo umkodolee na huyu. Kitanda kipo. Na usinipigie simu, nikiambiwa jambo kwa simu nalisahau.

Dada yako,
Lorna


Melbourne, 2 Juni 1997

Dada Lorna,

Nashukuru nimefika salama. Goti linalia, lakini supu yako imenitunza njia nzima. Natumaini mvua ile haikuishia kwenye paa la gari langu.

Umesema kweli kuhusu Rohan. Miaka ishirini na miwili nimekuwa nikiwapima vijana hawa, na kwa kawaida taarifa yangu haizidi nusu ukurasa. Ya Rohan imefika kurasa mbili. Urefu wanao wengi, mbio wanazo wengi. Nilichoandika ni robo ya mwisho, timu yake ikiwa nyuma kwa alama hamsini na wenzake wanafikiria kuoga. Mpira ukapigwa juu, naye akarudi kinyumenyume kuufuata, macho juu, bila kujua ni nani anayemjia kwa nyuma. Akagongwa, akaanguka nao. Alfajiri ya siku ngapi nimeendesha gari kutafuta kijana mmoja atakayefanya hivyo wakati hakuna faida yoyote.

Nikampelekea taarifa mkuu wangu, Neville Stroud. Hakuuliza kuhusu mpira. Aliuliza, "Mama akoje?" Ndiyo desturi yake siku hizi, anasema huwezi kununua dume bila kumwona kondoo aliyemzaa. Hunikera, lakini ndiye anayeamua ni jina la nani litasomwa siku klabu zinapochagua vijana kwa zamu.

Sasa na mimi nikuulize. Yvonne aliponimiminia chai, kikombe kiligonga sahani mara nne, kisha akauficha ule mkono kwenye aproni. Je, anakunywa? Niambie tu nijue la kumjibu Stroud.

Nduguyo,
Clem


Tarrick, 11 Juni 1997

Clem,

Natumaini barua hii itakukuta peke yako. Isome kisha uichome.

Yvonne hanywi. Nilikasirika ulivyouliza, ndiyo maana nakuambia, nisije nikamwacha aitwe mlevi na hali amebeba anayoyabeba. Baba yake alikufa kwa ugonjwa wa Huntington. Mwili huanza kucheza wenyewe bila kuamriwa, kisha akili hufuata, na hakuna dawa. Mji mzima uliambiwa kwamba mzee alikuwa mlevi, kwa sababu enzi zile ulevi ulikuwa aibu ndogo kuliko hiyo. Yvonne amepimwa hospitali ya Bendigo. Anao. Ndio umeanza mkononi.

Mtoto wa mwenye ugonjwa huu ama anao ama hana, nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Rohan hajui lolote. Yvonne atamwambia mitihani ya shule ikiisha, Novemba, wakiwa wawili tu. Aliniambia mimi kwa sababu nilimwona akiangusha trei ya pai na nikamfungia mlango alie.

Mwambie Stroud ni mwanamke mwenye kazi nyingi. Huo si uongo.

Dada yako,
Lorna


Melbourne, 6 Julai 1997

Dada Lorna,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Nimechoma kama ulivyosema. Pole kwa lile swali.

Rohan ameitwa kwenye siku za majaribio hapa mjini, Oktoba, pamoja na vijana sabini wengine wa nchi nzima. Mwambie Yvonne nitamtazama.

Samahani kwa ufupi, nina safari ya Adelaide.

Nduguyo,
Clem


Melbourne, 7 Oktoba 1997

Dada,

Sijui kama u mzima na sijui kama nina haki ya kuuliza. Rohan atakuwa ameshafika nyumbani kwa basi, na pengine umeshayasikia. Yasikie na kwangu, kwa sababu nilikuwa ndani ya chumba.

Siku mbili za kwanza ni mambo uliyoyazoea kwenye mnada wa kondoo. Vijana sabini kwa chupi zao, wamejipanga. Mtu anawafinya ngozi ya tumbo na paja kwa koleo la kupimia mafuta na kusoma namba kwa sauti, mwingine anaandika. Kijana anapimwa kiganja, anapimwa mkono, anaambiwa ageuke. Nimeyatazama haya miaka mingi huku nikila sandwichi. Safari hii nilimwona Rohan akigeuzwa na mtu ambaye hakumtazama usoni hata mara moja, nikashindwa kula.

Siku ya tatu ni mahojiano. Tulikuwa wanne upande wetu wa meza na yeye mmoja, akiwa na shati la shule, maana alidhani ndilo linalofaa. Stroud akamuuliza kuhusu kulala, kuhusu pombe, kuhusu wasichana. Akajibu vizuri. Kisha Stroud akafungua faili na kusema, "Babu yako mzaa mama alikufa na nini?"

Rohan akasema, "Alikuwa mlevi."

"Hukuambiwa?" Stroud akauliza. Akamwambia. Alimwambia ugonjwa, akamwambia nusu kwa nusu, akamwambia mama yake tayari anao. Alisema kama mtu anayesoma hali ya hewa. Kisha akamuuliza kama yuko radhi kutoa damu ipimwe mchana ule ule, kwa kuwa daktari wa klabu yuko jengoni.

Kijana alisema jambo moja tu: "Mama anajua kwamba mnajua?"

Mwenzetu mmoja alikuwa anatafuna biskuti, na nilisikia kila alichotafuna. Rohan akasimama, akarudisha kiti chini ya meza, akatoka.

Dada, barua yako niliichoma kweli. Lakini kabla ya kuichoma niliirudia taarifa iliyokuwa kwenye faili la Stroud, nikaongeza mwishoni mstari mmoja kuhusu ugonjwa wa familia ile. Nilijiambia kwamba ikija kujulikana baadaye kuwa nilijua na nikanyamaza, nitatupwa nje, na kwa umri wangu hakuna klabu itakayonichukua. Nilijiambia faili ni la siri. Nilijiambia mengi.

Nikiutazama mkono ulioandika mstari ule naona kinyaa.

Clem


Tarrick, 14 Oktoba 1997

Clem,

Salamu sina.

Rohan alishuka kwenye basi saa kumi jioni na hakwenda kwao. Alitembea barabara ya silo, yale maghala ya ngano, hadi giza lilipokaribia. Alipoingia, Yvonne alikuwa anamenya viazi. Hakukaa. Alimwambia, "Mama, nyoosha mikono."

Yvonne alinisimulia mwenyewe, kwa sababu nilikwenda kwake kesho yake asubuhi. Nilikwenda kukiri. Nilimwambia nani alimwambia nani. Nilitegemea anipige, au anifukuze, na ningeshukuru. Aliniketisha. Akasema, "Nilikuwa nimeshachagua maneno, Lorna. Nilikuwa nayafanyia mazoezi garini. Nilikuwa nimechagua hadi mahali, kule bwawani tunakovuliaga samaki." Kisha akanipa bakuli langu la keki lililokuwa kwake tangu Pasaka, limeoshwa na kukaushwa, akanifungulia mlango.

Mitihani inaanza wiki ijayo. Kijana hafungui vitabu. Amelala chali sakafuni akitazama vidole vyake. Kila kidole kikitikisika kidogo, kama vyako na vyangu vinavyotikisika, anadhani ndio umeanza.

Umesema ulijiambia mengi. Mimi pia nilijiambia. Nilijiambia kwamba namtetea Yvonne asiitwe mlevi. Kumbe nilipenda tu kuwa mtu mwenye jambo la kusimulia. Kwa hiyo nina hasira mbili, moja kwa ajili yako na moja kwa ajili yangu, na sijui ni ipi iliyo mbaya zaidi. Lakini mimi nilimwambia ndugu yangu. Wewe uliliambia faili.

Usiniandikie.

L. Pascoe


Melbourne, 16 Novemba 1997

Dada Lorna,

Hii ni barua ya tatu tangu uliponikataza. Mbili nilizichana. Hii naituma kwa sababu kuna jambo Yvonne na Rohan wanastahili kulijua kabla hawajalisikia baani.

Utakuwa umeshasikia kwamba jana jina la Rohan lilisomwa, zamu ya sabini na tatu, karibu na mwisho kabisa, na klabu iliyolisoma ni yetu. Mwaka huu hakukuwa na vijana kumi wanaomzidi. Angesomwa mapema. Ilikuwaje klabu zote zikampita?

Nilijua jana hiyo hiyo. Msaka vipaji wa klabu nyingine, mtu ninayemfahamu tangu ujana, alinijia kwenye ukumbi na kuniuliza kwa sauti ya chini kama kweli tumeamua kumbeba "yule mgonjwa". Nikamuuliza amesikia wapi. Akashangaa. "Kwenu," akasema. "Stroud alitupigia simu wote Septemba. Alisema anatutahadharisha kama marafiki."

Septemba, dada. Kabla ya majaribio, kabla ya Rohan kuvaa lile shati la shule. Alikwisha kuwatangazia wote ili wamwogope, yeye aje amwokote mwishoni. Na yale maswali chumbani hayakuwa na kazi yoyote. Alitaka tu kuona kijana anavyopokea.

Nilimkuta kwenye meza ya vinywaji. Nikamuuliza kama ni kweli. Hakukana. Alinipiga bega na kusema, "Ni wewe uliyemleta, Clem. Mchezaji bora tuliyewahi kumpata kwa zamu ya namna hiyo. Ni kwa ule mstari wako." Akaniinulia glasi. Watu waliokuwa karibu wakainua zao, wakidhani ni pongezi, na mkono wangu, kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili, ukainuka pia. Niliiweka glasi mezani bila kunywa, nikatoka.

Leo asubuhi, ijapokuwa ni Jumapili, nilikwenda ofisini. Niliacha barua ya kujiuzulu na nikatoa taarifa yangu kwenye faili. Najua wanazo nakala na najua kujiuzulu kwangu hakumrudishii mtu yeyote chochote. Nakuletea taarifa yenyewe, kurasa zote mbili. Ni ya Yvonne. Sikujua pengine pa kuipeleka.

Clem


Tarrick, 7 Desemba 1997

Clem,

Natumaini u mzima. Nimekaa na sentensi hiyo kwa siku tatu nikijiuliza kama ni kweli, na nimeona ni kweli, kwa hiyo nimeiacha.

Rohan anakwenda. Anahamia huko Melbourne kesho kutwa. Mji mzima ulidhani atakataa, na wengine walitaka akatae ili wapate la kujivunia kwa niaba yake. Stroud alipopiga simu kumkaribisha, kijana alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia damu hatatoa, sasa wala baadaye, na mama yake hatatajwa tena na mtu yeyote kwenye jengo lile. Stroud akasema bila shaka, bila shaka. Nikamuuliza Rohan anawezaje kwenda kwa watu wale. Alinitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto. "Nataka kucheza, shangazi Lorna," akasema. "Hao ndio wenye uwanja."

Mitihani alifanya mitatu kati ya mitano.

Taarifa yako nilimpelekea Yvonne. Hajaniruhusu kuingia ndani, lakini aliipokea mlangoni na akaisoma pale pale amesimama, mkono wa kushoto ukiushika wa kulia utulie. Ukurasa wa kwanza aliusoma mara mbili. Alifika pale ulipoandika kuhusu robo ya mwisho, Rohan akirudi kinyumenyume macho juu, nikaona midomo yake inasogea na maneno. Akasema, "Hakuna mtu aliyewahi kumwona mwanangu vizuri namna hii. Hata baba yake."

Kisha akageuza, akafika chini, kwenye ule mstari.

Aliinama kwenye ukingo wa baraza na kutema mate kwenye maua, mara kadhaa, kama mtu aliyekula kitu kilichooza. Akajifuta. Akajaribu kuzichana zile kurasa na mkono ukamgomea, akajaribu tena. Nilitaka kumsaidia. Akaniambia nisiguse. Mwishowe aliuchana ukurasa wa pili tu, akachukua muda mrefu, vipande vikubwa vibaya. Ule wa kwanza aliukunja na kuingia nao ndani.

Mimi bado napika kule klabuni. Yeye ameacha. Wanawake wengine wananiambia habari za hali ya hewa tu, basi.

Usije Krismasi. Labda Pasaka. Ukija, utakwenda kwake kwanza kabla ya kwangu, utabisha hodi, na kama hafungui, utasimama pale. Mimi nitakuwa jikoni.

Dada yako,
Lorna